Uyoga Niliounyoa Mwenyewe

Jumanne, 4 Novemba

Mvua imekuja alfajiri na kuondoka bila kuaga. Mtaa mzima unanukia udongo. Nimefungua saluni, nimekung'uta vitambaa, nimepanga mashine na nyembe, kisha nikaketi kwenye kiti cha wateja kujitazama. Hakuna mteja. Ukungu umesimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nikaota kidogo, macho wazi. Ni kipaji changu.

Nikazinduliwa na Fundi Saa, jirani yangu wa ukutani. Yeye hutengeneza saa, mimi hunyoa vichwa. Tunagawana ukuta mmoja na birika moja la chai. Pia ni katibu wa Chama cha Watembea Msituni, jambo ambalo hulitaja hata akiombwa chumvi. Habari aliyoleta ni kubwa. Profesa wa uyoga anakuja Jumamosi ya wiki ijayo! Mama aliyemaliza ujana wake akiinama chini ya miti. Atazungumza nasi ukumbini, kisha atatazama uyoga wa msitu wetu. Kila mwanachama alete alicho nacho.

Moyo ukaniruka. Nikasema nitaleta wale wawili. Akauliza wawili gani. Nikasema Dada Mkubwa na Mdogo wake. Fundi Saa akacheka mpaka ile lenzi ya jichoni ikamdondokea kikombeni. Kwake yeye ule ni uyoga mmoja wa manjano. Mmoja kalala kashiba, mwenziwe kalala na njaa, basi.

Nieleze, maana shajara nayo ina haki ya kuelewa. Marehemu baba alikuwa mfuga nyuki. Alinifundisha msitu kama watu wanavyofundishwa nyumba ya ukoo: huku anakaa fulani, huku usipige kelele. Alisema uyoga wa manjano ni wawili, ndugu wa tumbo moja lakini si mtu mmoja. Dada Mkubwa hukaa juu ya majani makavu, chini ya miti mikubwa. Mdogo hukaa kando ya kijito, kwenye lile zulia laini la kijani linaloota juu ya mawe. Watu walimcheka. Amekufa wakimcheka, ingawa kwa upendo. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni nani? Anatengeneza saa!

Nimeapa. Nitamthibitisha baba mbele ya Profesa. Na kama huyo Mdogo hana jina vitabuni, basi atahitaji jina. Mimi ninalo. Halijatumika sana.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetundika kibao cha NARUDI SASA HIVI, nikaenda msituni hadi mchana.

Ah, msitu baada ya mvua! Matone yanaanguka kutoka jani hadi jani kama watu wanaopokezana siri. Mwanga unashuka wa kijani, unatembea chini taratibu kama mzee anayetafuta miwani. Nilisahau nimefuata nini. Nikakumbuka. Nikasahau tena.

Dada Mkubwa nimemkuta kwenye majani makavu, amekaa kwa mafungu. Manjano ya kiini cha yai. Mnene. Kofia pana, ukingo umejikunja-kunja kama pindo la gauni la harusi, na chini ya kofia mikunjo minene inateremka mpaka kwenye shina. Ukimnusa, ni tunda lililoiva na kusahauliwa kabatini.

Mdogo nimemkuta kijitoni. Peke yake peke yake, mmoja huku, mmoja kule, kama wasichana waliogombana. Mwembamba. Manjano yake yana wekundu kidogo, aibu ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Ukingo hauna mikunjo, umenyooka. Harufu ni ileile, lakini kwa mbali, kama imetoka chumba cha pili.

Nikaketi juu ya jiwe, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Nikawatazama. Nikabadilisha mikono. Nikajikuta sijui tena yupi ni yupi! Nikanusa wote wawili na jasho likinitoka. Kisha nikakumbuka Dada ndiye mzito. Mungu mkubwa.

Nimechuma kikapu cha Dada. Mdogo nimechuma wote niliowaona, wasije wakaonwa na Fundi Saa.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya ushindi na siku ya msiba. Nianze na ushindi.

Uyoga hauna mbegu, una vumbi. Baba alinionyesha zamani. Unakata shina, unalaza kofia juu ya karatasi, unaifunika na bilauri, unaiacha ilale hapo usiku kucha. Asubuhi unafunua. Vumbi limeshuka lenyewe, limechora kila mkunjo. Ua la unga. Jua la unga. Ukipumua vibaya, linaondoka.

Basi leo asubuhi nimefunua bilauri mezani sebuleni. Nikashikwa na kicho. Dada ameacha mchoro wa rangi ya maziwa. Mdogo ameacha maziwa hayohayo, lakini kama yametazamwa na ua la waridi. Tofauti ndogo, ndogo mno, ya kuonwa kwa kuvizia. Lakini ipo! Baba, ipo! Nikasimama pale na nguo ya kulalia, machozi yananilenga. Mke wangu akapita na beseni, akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia nimepata ya mbinguni. Akasema nitakapomaliza nayo nitoe takataka nje.

Nikaenda mbio kumwita Fundi Saa, aje aone kwa macho yake na ajute. Ikanibidi kwanza nimnyoe mtu wa posta aliyekuwa ananisubiri mlangoni. Kisha Fundi Saa akadai ana saa ya ukutani iko wazi tumboni, haiwezi kuachwa. Kisha akafunga duka kwa kufuli mbili, kama kawaida yake. Tukafika nyumbani mchana umeshapinda.

Meza inameta.

Mama mkwe amekuja juzi kukaa nasi mpaka goti lake lipone. Hawezi kukaa bila kazi. Akanipokea kwa tabasamu, akasema, "Mkwe, nimekufutia lile vumbi lako. Lilikuwa limetapakaa mpaka kwenye karatasi."

Ungemwambia nini mama mkwe? Nikasema ahsante mama. Fundi Saa akakohoa kikohozi kirefu chenye furaha, akaomba ruhusa arudi kwenye saa yake.

Nikajifariji: uyoga wenyewe upo, nitachora upya. Nikala chakula cha jioni kwa huzuni. Mchuzi ulikuwa mtamu kupita maelezo. Nikasifu. Nikaongeza. Nikauliza ni kitu gani hiki kilichonifuta machozi.

Wakaniambia.

Jumapili, 9 Novemba

Sijaamka vizuri tangu Ijumaa. Nimewala. Dada na Mdogo wake, pamoja na kitunguu. Tumbo halioni tofauti.

Mke wangu anasema jambo hili ni rahisi. Nimwendee Profesa, nimweleze kwa mdomo alivyosema baba, yeye ndiye mtaalamu, atajua. Nikamtazama kwa huruma. Ameishi nami miaka yote hii na bado anadhani mambo huenda hivyo. Nikamwambia uthibitisho lazima ushikwe mkononi. Akasema, "Baba Pacha, wewe ukionyeshwa mlango unatafuta dirisha."

Nimeona ni msemo mzuri.

Aliponiita Baba Pacha ikanijia hoja. Binti zetu wawili, ambao sasa wameolewa na wanakaa mbali, Fundi Saa aliwaita kwa jina moja mpaka walipofika darasa la nne! Alidhani tuna mtoto mmoja mwenye mbio. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kutuambia uyoga gani ni upi?

Jumanne, 11 Novemba

Mpango mpya. Kama sina uyoga wangu, nijue wake. Adui mjue kwanza.

Nikamwita Fundi Saa nimnyoe ndevu, heshima ya ujirani. Akaja. Nikamlazia kiti nyuma, nikamfunika taulo la moto, nikamsugulia povu polepole. Nikaanza kumchimba kwa upole: ataleta uyoga gani Jumamosi? Akasema atamletea Profesa uyoga mmoja wa manjano, ndani ya sanduku la saa lenye kitambaa cha bluu, na maneno machache kuhusu uvumi wa watu wasiosoma. Uvumi! Ndio sisi hao, mimi na baba.

Kisha akasinzia. Nje kulikuwa na mvua nyepesi, ile isiyoanguka, inayoelea tu. Kioo kikaingia ukungu. Nikawa nafikiria nitakavyosimama ukumbini, Profesa akinipa mkono, watu wakitamka jina langu taratibu kama dawa. Wembe ukawa unakwenda wenyewe.

Nilipozinduka, nusu ya kushoto ya masharubu ya Fundi Saa ilikuwa imekwisha.

Nikafanya ambalo fundi yeyote mwenye akili angefanya: nikasawazisha. Nikapunguza kulia. Kulia kukapungua mno. Nikarudi kushoto. Mwisho hakukubaki cha kusawazisha. Masharubu aliyoyafuga tangu alipooa, yamelala sakafuni kama kiwavi.

Akaamka. Akajitazama. Akagusa mdomo wa juu kama mtu anayepapasa mfuko ulioibiwa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasimama, akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akatoka. Kabla ya chai ya alasiri alikuja kuchukua birika. Ni lake, kweli. Nilikuwa nimeshasahau kwamba ni lake.

Sasa ukuta ni ukuta.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua imekatika tangu juzi. Nimerudi msituni kumtafuta Mdogo. Majani yanavunjika chini ya viatu kama kaukau za viazi. Dada nimemkuta mmoja tu, mzee lakini wa heshima. Nikamchukua. Nikashuka kijitoni. Kijito kimepungua, kinanong'ona badala ya kusema. Nikatafuta kila jiwe. Hakuna kitu. Nani amemaliza Mdogo wote? Nikatazama huku na huku nipate wa kumlaumu. Nikaacha.

Nikalala kidogo juu ya zulia la kijani, kupumzisha macho tu. Ni laini, ni baridi, linakupokea kama shuka mpya. Nikaota baba amekaa kwenye gogo na kofia yake ya nyuki, wavu usoni, ananinyooshea kidole. Nikamwuliza unanionyesha nini. Akacheka ndani ya wavu. Nyuki walikuwa wanamzunguka kwa mwendo wa pole kabisa, kama wamekula. Nikataka kugeuka nitazame anakonyooshea. Usingizi ukawa mzito. Sikugeuka.

Siafu ndio walioniamsha. Sitaandika walipoingia.

Nimerudi na Dada mmoja, na Fundi Saa ameniona nikipita na jani kwenye nywele. Hakunisalimu. Dirishani mwake ameweka saa moja kubwa imesimama, na karatasi chini yake: KAZI YA JIRANI. Sikuwahi kuigusa saa ile!

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nimepata akili. Imekuja yenyewe, nikiwa nafagia nywele.

Mdogo hayupo. Dada yupo. Wanatofautiana nini? Rangi, unene, ukingo. Sasa mimi kazi yangu ni nini hapa duniani? Watu huingia kwangu na rangi, unene na ukingo, wakatoka na vingine!

Nikafunga mlango. Nikapita kwanza sokoni, ambako mwanamke wa mboga huwa na Dada, nikanunua wawili vijana wenye afya. Yule mzee nikamwacha awe Dada rasmi. Wa pili, wa mazoezi. Wa tatu nikamkalisha juu ya kiti cha wateja, nikamfunga kitambaa cha karatasi shingoni. Mazoea.

Ukingo nimeuondoa kwa mkasi mdogo wa masikio. Shina nimelinyoa kwa wembe mpya, kutoka juu kwenda chini, bila kurudi nyuma. Sijawahi kunyoa kwa mkono mtulivu hivi. Rangi nimepaka ile ya nywele, shaba iliyokolea, kwa pamba, tone moja ndani ya maji mengi. Yule wa mazoezi alitoka kama karoti, na nimemzika. Lakini huyu! Nikasogea nyuma. Mwembamba, mwekundu kidogo, mwenye haya. Mdogo mtupu! Nikamshikia kioo cha nyuma bila kufikiri, nimwonyeshe kisogo.

Mke wangu akaingia na chakula changu. Akatazama kiti. Akanitazama mimi. Akaweka chakula, akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu aliyepita chumba cha mgonjwa.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika mchana huu, hata viatu sijavua.

Ukumbi ulijaa. Profesa ni mama mfupi, mpole, viatu vyenye tope la zamani, sauti ya mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Alitueleza kwamba uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini, nyuzi nyeupe zisizo na mwisho, zinashikana na mizizi, mti unampa chakula na yeye anaupa maji. Akasema msituni hakuna anayekaa peke yake. Nikajiona nina nyuzi miguuni. Nikasahau kabisa kwamba mimi ni mwongo.

Kisha akapita mezani. Fundi Saa akafungua sanduku lake la kitambaa cha bluu. Bila masharubu alionekana kama mpwa wake mwenyewe. Akatoa maneno yake kuhusu uvumi. Zamu yangu ikafika. Nikaweka sahani mbili. Nikasema: Dada Mkubwa, na Mdogo wake. Si mmoja. Wawili. Baba yangu aliwajua.

Profesa akavutiwa. Akachukua lenzi. Akawageuza, akawakata, akawanusa. Yule wangu wa pili akamnusa mara mbili. Akakunja uso, akasema ana harufu ya mafuta ya nywele. Nikatazama dari. Akalinganisha mikunjo, akalinganisha nyama ya ndani. Akachukua muda. Kisha akavua miwani, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba rangi ya huyu wa pili haielewi, lakini mikunjo ni ileile na nyama ni ileile. Ni uyoga mmoja.

Na alikuwa sahihi! Mia kwa mia! Nimemletea mtaalamu Dada wawili na nimemwuliza kama wanafanana!

Fundi Saa akainua kidevu. Nyuma yangu mtu akasema, kwa upendo uleule wa zamani, "Mfuga nyuki naye alikuwa na hadithi zake." Watu wakacheka kidogo.

Hapo ndipo lilipo jambo. Ningeweza kunyamaza. Ningerudi nyumbani nimeshindwa, lakini nimeshindwa kama mtu mzima. Ila kicheko kile si changu mimi. Kilimwendea mzee aliyelala, asiyeweza kujibu. Kikanichoma kuliko siafu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si kweli!" nikapiga kelele. "Huyo ni Dada! Nimemnyoa mimi mwenyewe!"

Nikaeleza yote. Mkasi, wembe, rangi ya shaba. Profesa akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimeanza kuwa vya rangi ya machungwa. Akauliza, bila kukasirika, Mdogo wa kweli yuko wapi. Nikasema ameliwa. Akauliza na nani. Nikasema na mimi. Nikaongeza kwamba niliomba tena.

Ukumbi ulicheka mpaka madirisha yakaitikia. Fundi Saa alikalia kiti kisichokuwepo. Nilitamani zile nyuzi za chini zinivute.

Profesa peke yake hakucheka. Akasubiri. Kisha akaniuliza baba yangu alisema Mdogo anakaa wapi. Nikasema kando ya kijito, kwenye zulia la kijani, peke yake peke yake. Na vumbi lake? Nikasema maziwa yaliyotazamwa na waridi. Akanitazama muda mrefu. Akawageukia wote, akasema uyoga huo upo. Una jina tangu zamani, ameuona kwenye misitu mingine, na kweli ni ndugu wa karibu wa huu wa manjano, mpaka wataalamu wenyewe waliwahi kuwachanganya. Ila katika msitu wetu hakuna aliyewahi kuuandika. Hawezi kuuandika kwa kusikia, sembuse kwa kunyolewa. Lazima auone. Kesho asubuhi ataingia msituni kabla hajasafiri. Nani atampeleka?

Nikainua mkono. Mwingine akainua mkono pia. Fundi Saa!

Una jina tangu zamani. Lazima nikiri hapo nilivunjika moyo kidogo.

Jumapili, 16 Novemba

Tumetembea watu watatu, Profesa katikati kama ule ukuta wa maduka yetu. Mimi na Fundi Saa hatukusemezana. Ukungu ulikuwa mzito, miti inatokea mmoja mmoja, inasalimia, inaondoka. Profesa anatembea taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Anasimama, anagusa gome, anasikiliza. Nikajikuta nami natembea hivyo. Kwa muda sikuwa na mpango wowote kichwani. Hali ngeni. Kama kuingia nyumba yako ukakuta wametoa vyombo vyote, na ni pakubwa.

Kijitoni hatukuona kitu. Tukainama, tukafunua, tukainuka. Mgongo wa Profesa ukalia. Akatazama saa, akasema kwa upole kwamba wakati mwingine msitu hukataa. Nikakaa juu ya jiwe. Nikafikiri, basi. Nimemla shahidi wa baba, na sasa mlango umefungwa.

Ndipo sauti ikaniita kutoka ng'ambo ya gogo lililoanguka. Si kubwa. Sauti ya mtu aliyezoea kufungua vitu vidogo bila kuvitisha.

"Jirani. Njoo. Mdogo wake huyu hapa."

Fundi Saa alikuwa amepiga magoti, ile lenzi ya kazini jichoni. Chini ya gogo, mahali pa unyevu, alisimama mmoja tu. Mwembamba. Ukingo umenyooka. Ana aibu yake ileile. Hatua chache tu kutoka pale nilipolala nikasumbuliwa na siafu. Tukamzunguka watatu, vichwa vyetu vikigusana, hakuna aliyepumua. Fundi Saa akamtazama mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, kana kwamba anazungumza na saa, "Si mmoja. Hata kidogo. Nilikuwa natazama kwa mbali."

Profesa akaukata kwa kisu chake, akaufunga kwenye karatasi kama mtoto mchanga. Akatoa kalamu, akauliza aliyeuona ni nani, maana jina la aliyeuona huandikwa. Fundi Saa akamtajia. Jina la baba. Lote, mpaka la babu. Akasema huyo ndiye aliyeuona kwanza, sisi tumefuata alikoonyesha.

Nikajifanya kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Tulipokuwa tunaagana Profesa alinishika mkono, akasema ana neno moja tu la kuniachia: kiumbe nisimsaidie kamwe kuwa kitu kingine, alivyo ndivyo anavyosema kweli. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, na macho yamelowa.

Jioni kulikuwa na hodi ukutani. Birika limerudi.

Alhamisi, 20 Novemba

Saluni tulivu. Mvua imerudi, nyembamba, inaandika kitu kwenye kioo cha dirisha na kukifuta. Fundi Saa anapiga mluzi upande wa pili. Masharubu yameanza kuchungulia. Nimemwambia yanakuja mazuri kuliko ya kwanza, amesema nisiyatazame.

Nimekuwa mtu mpya. Mke wangu mwenyewe ameona. Jana nilitoa takataka bila kuambiwa.

Muda mfupi uliopita nondo ameingia, akatua kwenye kioo kikubwa, juu kidogo ya sura yangu. Mkubwa! Kijivu chote, kama ametengenezwa kwa moshi. Nimemtazama mpaka chai imepoa. Nikamwita Fundi Saa. Anasema ni nondo wa kawaida, hata kwake wamo, wanakula sufu. Wa kawaida! Mimi naona kabisa kwenye bawa la kushoto dalili ya doa la duara, jekundu, ambalo halijajitokeza tu. Wa namna hiyo hajawahi kuonekana, naamini, na mtu yeyote.

Nimesikia kuna bwana wa wadudu, mtaalamu, hupita mjini kila mwisho wa mwezi.

Nondo amelala. Mabawa yametandazwa, hajitingishi. Nimeshusha pazia la mlango. Ninayo brashi ndogo kabisa, ile ya nyusi. Doa moja tu. Mawili, ili yawe sawa.